Mlango wa Ukumbi wa Kocha Brian

Fausta alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule aliposikia kishindo uani, kizito, kama gunia la mahindi lililodondoshwa kutoka kwenye lori. Baada ya kishindo hakikufuata kilio. Hicho ndicho kilichomwinua.

"Mama Rozi!" Atupele, fundi mwenzake wa cherehani ya pili, alikuwa ameshatangulia kutoka nje. "Mama Rozi, njoo!"

Rozi alikuwa amelala chali chini ya ukuta wa tangi la maji, macho wazi, mdomo wazi, hewa haiingii. Fausta alipiga magoti kwenye saruji. Alitaka kumnyanyua akaogopa. Aliwahi kusikia kwamba mtu aliyeanguka ukimnyanyua vibaya unamvunja. Akabaki mikono hewani, pini ya kushonea bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake, akiangalia midomo ya mwanawe ikibadilika rangi.

Kisha mtoto akavuta pumzi kwa kelele.

"Mama," alisema, "nilikuwa karibu kugeuka mzima hewani."

Rozi alikuwa na miaka sita. Tangu alipoona sarakasi kwenye simu ya baba yake, alitembea kwa mikono kila mahali, hata kanisani kati ya mabenchi. Fausta alimchapa, akamfungia ndani, akamwahidi soda. Mtoto aliahidi kuacha kwa moyo wote, na nyumba nzima ikishughulika, alipanda tena ukuta.

Atupele alimfuta Rozi vumbi mgongoni. "Ndugu yangu, huyu humzuii. Mpeleke kwa wanaojua. Kule barabara ya Sumbawanga kuna kocha anaitwa Brian. Ana magodoro, ana vioo. La sivyo siku moja utamwokota hapa na hatavuta pumzi."

Gasper, baba Rozi, alikuwa utingo wa lori la mbolea. Wakati huo alikuwa Zambia huko, foleni ya malori haijulikani itaisha lini. Alipopigiwa simu alisema haraka haraka, "Mpeleke. Ila uangalie watu wenyewe. Usimwache tu kwa mtu." Laini ikakatika.

Mchana ule ule Fausta alimpandisha mtoto kwenye bodaboda. Nauli ilikuwa imepanda tena na kijana wa boda hakutaka maneno. Walipita kando ya malori yaliyopangana kuelekea mpakani, moshi ukiwaingia machoni, Rozi akiimba.

Ukumbi ulikuwa ghala la mahindi la zamani, limepakwa rangi ya bluu. Ukutani nje kulikuwa na kibali cha kuendesha klabu, kimewekwa kwenye fremu, na picha za watoto wenye medali. Akina mama walikaa kwenye benchi nje. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa.

Kocha Brian alitoka amevaa fulana iliyombana, filimbi shingoni. Alimtazama Rozi akisimama kwa mikono pale pale kwenye changarawe, akapiga mluzi.

"Dogo ana kipaji hatari. Mama, huyu nampeleka Dar kwenye mashindano. Anaanza leo, majaribio bure."

"Naomba niingie nimwone."

"Hapana, mama. Mzazi anakaa nje. Mtoto akimwona mama yake anadeka. Ni utaratibu wetu."

Rozi alikuwa ameshaingia. Mlango ukafungwa, na Fausta akasikia komeo likiteremka kwa ndani.

Alikaa kwenye benchi karibu na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Teresia, mama wa mtoto aitwaye Ruti. Teresia alionyesha picha ukutani: Ruti ndiye yule wa katikati, mwenye medali, tabasamu lisilofika machoni.

"Utamsikia akilia, usijali," Teresia alisema. "Wote wanalia mwanzoni. Baadaye wananyamaza."

Fausta alitega sikio. Alisikia filimbi, nyayo, sauti ya kocha ikihesabu. Kisha sauti nyembamba ya mtoto: "Kocha, mkono. Kocha, naomba mkono." Filimbi ikalia juu yake. Sauti ile haikurudi tena.

"Ni nani yule?"

Teresia aliangalia simu yake. "Ni Ruti. Kifundo cha mkono kinamsumbua kidogo. Kocha anasema ni kawaida."

Fausta aliinuka akazunguka ghala. Upande wa nyuma palikuwa na tundu la hewa lililozibwa kwa wavu. Alipanda kwenye matofali yaliyobaki pale, akachungulia.

Watoto walikuwa wamekaa safu moja, miguu imetanuliwa pande mbili, vifua chini. Kocha alikuwa ameukalia mgongo wa msichana wa miaka kama kumi, yule wa kwenye picha, kwa uzito wake wote, huku akiandika kitu kwenye simu. Mkono wa yule mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa, vidole vimevimba. Uso wake ulikuwa umegeukia tundu. Alimwona Fausta, akamtazama tu, bila kuomba chochote. Mbele yake, kwenye kona, Rozi alisimama akisubiri zamu, furaha yote imemtoka, vidole mdomoni.

Fausta alirudi mbele akiupiga mlango wa chuma kwa viganja viwili mpaka ukafunguliwa.

"Nipe mtoto wangu."

"Mama, usipaniki. Hapa ni mazoezi, siyo chekechea."

"Nipe mtoto wangu, kaka."

Rozi alitoka mbio, akajificha kwenye kitenge cha mama yake. Fausta alimgeukia Teresia. "Mama Ruti, amemkalia mwanao. Nimeona kwa macho yangu. Mkono ule umevimba."

Teresia hakuinua uso. "Dada, sisi tumeshaahidiwa Dar," alisema kwa sauti ya chini. "Usituharibie."

Njiani Rozi hakuimba. Walipofika karibu na kanisa dogo la bati upande wa pili wa mji, dereva wa boda mwenyewe ndiye aliyesema, "Kama ni sarakasi, hapa kuna mwalimu Ferista. Mpwa wangu anakuja hapa."

Uwanja ulikuwa wazi, ukuta hata wa kuzuia mbuzi hakuna. Viroba vilivyojazwa pumba za mpunga vilipangwa chini, juu yake turubai kuukuu la lori, limefungwa kwa kamba lisiteleze. Ferista alikuwa dada mwembamba, amefunga kilemba. Wazazi walikaa pale pale, mmoja akichambua maharage. Kabla hajamshika mtoto kiuno kumsaidia kugeuka, Ferista aliuliza, "Nikushike?" Mtoto akitikisa kichwa kukataa, anaacha.

"Mlete tu," alimwambia Fausta. "Lakini kwa miezi ya kwanza atajifunza kuanguka. Hakuna kingine. Akitaka kuruka ukuta atakasirika na mimi."

"Kuanguka?"

"Wanaoumia ni wale ambao hawakufundishwa kuanguka, mama."

Rozi alikaa pembeni kwa muda mrefu, akiangalia. Kisha akavua ndala zake mwenyewe. Aliviringika kwenye turubai, kidevu kifuani, akainuka na pumba kwenye nywele, akatazama alipo mama yake. Fausta alikuwa pale. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi njaa.

Pikipiki iliingia uwanjani hadi karibu na turubai. Aliyeshuka ni afisa wa michezo, shati jeupe, akifuatana na mgambo mwenye rungu.

"Nani anayesimamia mkusanyiko huu?"

"Ni mimi, mkuu," Ferista alisema.

"Una kibali? Tumepata malalamiko. Watoto wanarushwa kwenye magunia. Akivunjika mtu hapa, nani atawajibika?"

"Niliomba, mkuu. Niliambiwa lazima niwe na ukumbi wenye mlango na paa. Sina."

"Basi huna kibali. Kunja."

Mgambo alikata kamba za turubai kwa kisu. Kiroba kimoja kilipasuka, pumba zikapeperuka. Wazazi waliwaita watoto wao mmoja mmoja, bila kumwangalia Ferista. Aliyekuwa akichambua maharage alibeba ungo wake akaondoka. Fausta naye alikuwa ameshamshika Rozi mkono. Alikuwa fundi aliyekodi chumba cha kushonea, na watu wa namna hii akiwajibu leo, kesho wanakuja kuuliza leseni.

Lakini mdomo wake ulifunguka.

"Mkuu, kule kwa Kocha Brian umewahi kuingia?"

"Kule kuna kibali."

"Sijauliza kibali. Umeingia ndani?"

Afisa alimpima kwa macho kuanzia ndala hadi kilemba. "Wewe mama unaitwa nani? Unakaa mtaa gani?"

Fausta alimvuta Rozi nyuma yake. "Naitwa Fausta. Nakaa Chapwa. Twende sasa hivi, mkuu, ukaone. Kuna mtoto mkono umevimba."

"Mwanangu mwenyewe anafanya mazoezi pale," afisa alisema, akiwasha pikipiki. "Na hajawahi kulalamika."

Walipoondoka, Ferista aliinama akaanza kuzoa pumba kwa mikono. Hakulia. "Nenda nyumbani, mama Rozi," alisema. "Umeshajitaja jina."

Fausta hakwenda nyumbani. Alimpigia Atupele amwambie mwenye sketi kwamba haiko tayari. Walianza kurudi kwa miguu kuelekea barabara ya Sumbawanga, Rozi akijikokota nyuma, akiuliza wanakwenda wapi. Kila pikipiki iliyopita aligeuka kuitazama. Alimfikiria Gasper, atakavyofoka. Alimfikiria mwenye nyumba.

Kwenye benchi la ukumbi wa bluu akina mama walikuwa bado wamekaa. Fausta alimwambia Rozi abaki pale, asisogee. Akagonga. Kocha Brian alipofungua kidogo, Fausta akaingiza bega lake kwenye mwanya, akasukuma kwa nguvu zake zote mpaka mlango ukagonga ukuta wa ndani na mwanga ukamwagika sakafuni hadi walipokaa watoto.

"Mama, mtoto wako hayumo humu!"

"Najua."

"Nitaita polisi."

"Waite." Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Waite waje waone. Mimi nakaa hapa hapa."

Akakaa kwenye kizingiti, mgongo wake ukiuzuia mlango usifungwe. Brian alitoa simu yake, akaanza kubonyeza. Ndani watoto wote walikuwa wamegeuka.

Teresia alikuwa ameinama bado juu ya simu yake. Hatimaye aliinua uso, akautazama ule mlango uliokuwa wazi, akamwona mwanawe, ameushika mkono wake uliovimba.