Mguu Uko Wapi?

Mume wangu hakuwa na karakana. Alikuwa na ovaroli ya buluu, tochi, sumaku aliyoishonea kitambaa isikwaruze rangi, na boksi la friji alilolikunjua ili alalie chini ya magari ya watu. Mtu akitaka kununua gari lililokwisha kutumika, alipitia kwanza nyumbani kwetu kumchukua aende akalikague. Wote walimwita Fundi, hata mama yake mzazi.

Kila alipokwenda nilikwenda naye. Si kwa mapenzi, ingawa yalikuwapo. Kuna sehemu ya kazi ile ambayo mtu mmoja haiwezi: aliyelala chini ya gari hana mguu wa kukanyagia breki. Hapo mwanzo alikuwa akimwomba mwenye gari amkanyagie, lakini mwenye gari hukanyaga anavyotaka yeye. Ndipo akaniambia, "Mke wangu, njoo uwe mguu wangu." Nikawa mguu wake miaka ishirini na mmoja.

Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, naye yuko chini, simwoni. Nasikia sauti tu, inapanda kupitia sakafu ya gari.

"Kanyaga."

Nakanyaga.

"Shikilia hapohapo. Usiongeze, usipunguze."

Kisha anaanza hadithi. Sijui alizitoa wapi. Mara ya mteja aliyenunua lori, akagundua baadaye kwamba halina gia ya kurudi nyuma, ikawa akipita nyumba yake hata kwa hatua mbili anazunguka mtaa mzima. Mara ya kaka yake aliyekwenda kuposa na viatu vya kuazima. Mguu wangu unaanza kutetemeka, naye anasimulia tu, huku akitambaa na tochi yake kutoka tairi hadi tairi. Mwisho anauliza:

"Mguu uko wapi?"

"Palepale."

"Haya, achia."

Siku moja nilichoka. Niliachia, nikakanyaga upya harakaharaka, na alipouliza nikajibu "palepale" kwa sauti ya mtu mwema. Akasema, "Rudia, mama. Nimeuona mpira wa breki ukipumua." Hakukasirika. Alianza hadithi upya tangu mwanzo, na safari hii ilikuwa ndefu zaidi, nadhani makusudi.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne, hospitalini, saa nne asubuhi. Naandika haya kwa sababu baadhi ya hadithi zake zimeanza kunitoka, na sitaki na hili la pikapu linitoke.

Tuna mtoto mmoja, binti. Tangu akiwa mdogo tunamwita Kasuku, maana alikuwa akiongea mpaka usingizini. Ana tanuri la mikate nyuma ya nyumba yetu. Baada ya mazishi Kasuku alinyamaza. Si kwamba alinuna. Alinisalimia, alinipikia, aliniuliza kama nimemeza dawa ya presha. Lakini maneno yetu yote yakawa unga, hamira na kuni. Baba yake hakutajwa. Siku ile ya hospitali alifika ana unga mpaka kwenye nyusi, dakika kumi baada ya kila kitu kwisha. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sikumpigia simu mapema. Nami sikuwahi kumweleza. Tuliishi hivyo miezi kumi.

Mwezi wa pili mwaka huu aliingia jikoni akipangusa mikono.

"Mama, nimepata pikapu ya kusambazia mikate. Kesho naenda kuichukua."

"Nani ameikagua?"

"Nimeiangalia mwenyewe. Nyeupe, safi, haina hata mkwaruzo."

"Safi ni sifa ya shuka, mwanangu."

Akanitazama. "Sasa nimpeleke nani? Aliyekuwa anakagua hayupo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa baba yake kwa neno lolote, na aligeuka haraka akatoka.

Nilibaki nawaza njia atakayopita. Kutoka kwetu kwenda kwenye maduka anayoyauzia mikate kuna mteremko mrefu, na chini kabisa ya mteremko ni lango la shule ya msingi. Angekuwa akishuka pale kila asubuhi, pikapu imejaa, saa ileile watoto wanavuka barabara. Kama breki zake zilikuwa na ugonjwa, nilitaka kuujua kabla mteremko haujatuonyesha. Nikaenda kabatini nikatoa ovaroli.

Mwenye pikapu alikuwa muuza vioo vya madirisha, mtu mnene, mcheshi, mwenye plasta kwenye vidole vitatu. Majirani zake walimwita Mzee wa Vioo. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka lake, inang'aa.

"Karibuni, karibuni! Fundi wenu yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Kasuku alisema akininyooshea kidole, nami nimekunja mikono ya ovaroli mara tatu.

Mzee wa Vioo alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, mama. Ila usije ukanifungulia injini ukaniachia nati mkononi."

Niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Imetoka wapi hii?"

"Haijatoka popote. Nimeiwasha kidogo tu, isije ikanitia aibu mbele yenu."

"Basi tutasubiri ipoe."

"Ipoe? Kwa jua hili?"

"Tuna muda."

Fundi alikuwa akisema injini ya moto ni kama mtoto aliyenawishwa uso wageni wakiwa mlangoni. Ukitaka kumjua, mwone anapoamka. Kasuku alikunja uso, lakini alikaa. Wakati wa kungoja nilifanya yale niliyoyaona yakifanywa. Nilipitisha sumaku kwenye bodi, ikanata kila mahali isipokuwa mlango wa kushoto. Pale ilidondoka.

"Hapa palibonyea, pamezibwa kwa puti chini ya rangi."

Mzee wa Vioo alijikuna. "Nguzo ya geti. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Tusimtaje."

Nilifunua zulia la miguuni nikatafuta kutu. Nilivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kuangalia kama una mstari wa matope wa gari lililozama kwenye mafuriko. Nilimwambia Kasuku asome namba ya chesisi kwenye kadi, moja moja, nami nikaifuatisha kwa kidole kwenye chuma. Zililingana. Tairi za mbele zilikuwa zimelika sawasawa, ndani na nje. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma, na mita ilionyesha kilomita chache kama za gari la bibi harusi.

"Mita ilikufa mwaka juzi," alisema kabla sijauliza. "Hilo nakiri. Mimi nauza vioo, mama. Mambo yangu yote yanaonekana upande wa pili."

Boneti ilipopoa, Kasuku akawasha. Injini iliitika mara moja. Moshi ulitoka kidogo, mweupe, ukaisha. Haukuwa wa buluu, wa injini inayokula oili. Nilifungua kifuniko cha oili, hakikuwa na utando wa rangi ya maziwa, wa oili iliyoingiwa na maji. Kasuku alichungulia dirishani. Miezi kumi sijayaona meno yake yale.

"Umeona, Mama? Si nilikwambia?"

"Bado chini," nilisema. "Zima. Kaa hapohapo."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kulala chini ya gari hata siku moja. Kazi ile niliijua kutoka juu tu. Nilikunjua boksi lake. Lilikuwa na doa kubwa, oili na jasho, mahali mabega yake yalipokuwa yakilala. Nililala palepale nikajisukuma ndani. Juu yangu kulikuwa na vyuma, mabomba na vumbi lililoganda, na sikujua majina ya hata nusu yake. Niliwasha tochi.

"Kanyaga," nilisema. Sauti yangu ilinishtua.

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo. Usiongeze, usipunguze."

Nilimulika tairi la kwanza kwa ndani. Kavu. La pili, kavu. La tatu na la nne, hivyohivyo. Basi, nilikuwa nimemaliza yote niliyoyajua, na dakika moja haijaisha. Fundi alikuwa akishikilia muda wa hadithi nzima. Nikatafuta hadithi. Lile lori, sikukumbuka linaanzaje. Vile viatu, vilikuwa vya nani? Nilibaki mdomo wazi chini ya pikapu.

"Mama? Uko sawa huko?"

"Niko sawa. Shikilia."

Kisha nikasema lile nililokuwa nalo.

"Siku ile hospitalini, saa tatu hivi, daktari alinitoa nje akaniambia niwaite watu wa karibu. Nilirudi ndani na simu mkononi nikupigie. Baba yako akaniona. Akaniuliza, 'Unampigia Kasuku? Saa hizi ana mikate tanurini.' Nikamwambia mikate itasubiri. Akasema haisubiri, itaungua, na wenye maduka watamkimbia. 'Mwache aitoe kwanza, halafu mwite. Nitamngoja.' Alikuwa anacheka, mwanangu. Alisema mkate wako wa kwanza kabisa, ule mgumu, aliutia uwe kabari chini ya tairi la mteja na gari halikusogea."

Nilihamishia tochi mkono wa pili.

"Nikaiweka simu. Nilitii kwa sababu nilizoea. Akiniambia shikilia, nashikilia. Nilipokupigia saa tatu na nusu ulikuwa umeshatoa mikate, naye alikuwa ameshafumba macho. Alijaribu kukungoja. Nilimwona akijaribu. Kosa ni langu, ningekupigia tu. Nimekaa nalo miezi yote hii naogopa utaniuliza."

Nilisikia mtu akivuta kamasi. Nikafuta macho yangu kwa mkono wa ovaroli, nikajipaka grisi. Kisha nikauliza lile linalofuata siku zote.

"Mguu uko wapi?"

Alijibu kwa sauti nyembamba: "Umefika chini, Mama. Sijaongeza nguvu, naapa. Umezama wenyewe, polepole, mpaka sakafuni."

Nililala pale chali nikaelewa hadithi zile zilikuwa za nini. Kuna breki inayoshika vizuri ukiikanyaga mara moja kwa haraka, na kila mnunuzi hukanyaga hivyo akaridhika. Ugonjwa wake humtokea anayeshikilia muda mrefu, kama pale unapoteremka na mzigo. Masta silinda ndiyo inayosukuma mafuta ya breki. Ikichoka, inavuja kwa ndani, na tone halionekani popote. Fundi alihitaji muda upite, na alihitaji mguu wangu usiuone ukipita.

Mlango ulifunguliwa. Niliona viatu vya Kasuku, kisha magoti, kisha uso. Alijisukuma chini ya pikapu bila boksi, na gauni lake jema, akalala kando yangu.

"Kweli aliutia kabari?"

"Lori la tani tatu."

Alicheka, na kicheko kikageuka, akalia kama alivyokuwa akiongea zamani, bila kituo. Nilimshika kichwa. Hakuna nafasi ya kukumbatiana chini ya gari.

"Ningeiacha iungue, Mama. Yote."

"Najua."

"Lakini alisema niitoe kwanza."

"Alisema."

Akavuta pumzi. "Basi niliitoa vizuri siku ile. Haukuungua hata mmoja."

Uso wa Mzee wa Vioo ulitokea, kichwa chini miguu juu. "Jamani, mnalia wote wawili? Gari langu ni baya kiasi hicho?"

"Breki inazama," nilimwambia. "Masta silinda."

"Poleni sana," alisema, na nadhani hakujua anatupa pole ya nini.

Hakubisha. Alipanda mwenyewe akakanyaga, nikamwambia asiachie, nikamwona akibadilika uso. "Na mimi nashusha vioo humu kila siku," alisema taratibu. Aliahidi kuweka silinda mpya. Kasuku alimwambia haichukui pikapu mpaka mama yake alale chini tena.

Jumamosi tulirudi. Boneti niliikuta baridi kama mtungi; Mzee wa Vioo alikuwa amejifunza. Alinionyesha silinda ya zamani aliyoifunga kwenye gazeti kama nyama. Nikakunjua boksi, Kasuku akapanda.

"Kanyaga. Shikilia."

Safari hii nilijiandaa. Nilianza na kaka yake Fundi na viatu vya kuazima, na nilipokwama Kasuku akadakia kutoka juu.

"Vilikuwa vya mwalimu wake, Mama. Kimoja kilimbana, akashindwa kupiga magoti mbele ya wakwe."

Kumbe alikuwa akizisikia zote, enzi zile tukienda naye akicheza nyuma ya pikapu za watu. Tulisimulia kwa zamu, yeye juu, mimi chini. Nilimulika tairi zote nne, zikawa kavu. Muda ulikuwa umepita wa kutosha na kuzidi.

"Mguu uko wapi?"

"Palepale."

Nilizima tochi.

"Niachie, Mama?"

"Bado kidogo," nilisema. "Hujaniambia wakwe walisemaje."