Bawa la Pili la Mlango

Ombi la kwanza nililokabidhiwa lilikuwa la mlango. Mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa zamani, alitaka kibali cha kung'oa mlango wa mbele wa nyumba yake, wa mbao, wenye umri wa miaka tisini na ushei, aweke wa alumini. Sababu aliiandika kwa mstari mmoja: "Kiti cha mume wangu hakipiti."

Mkuu wa ofisi yetu ya majengo ya kihistoria tulimwita Mzee Rula, maana alipima kila kitu, hata umbali wa kikombe chake na ukingo wa meza. Aliligonga faili kwa kidole.

"Milango ya upande wa barabara haibadilishwi. Kataa, andika sababu, tuendelee."

"Mzee, nyumba yenyewe sijaiona."

"Michoro umeiona."

"Michoro haina mume, mzee."

Alinitazama juu ya miwani. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, lakini jambo moja nililijua, na nalijua hata leo: nyumba inatunzwa ili watu waishi ndani yake.

"Kikao ni Alhamisi," akasema. "Nenda. Ila usiniletee machozi. Niletee vipimo."

Mume wa yule mama alikuwa dereva wa lori kabla ya kiharusi. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa.

"Karibu, binti. Umekuja kuhesabu misumari?"

"Shikamoo, baba. Nimekuja kupima."

"Marahaba. Pima basi. Majirani wakipatikana, nabebwa, natoka. Wasipopatikana, mimi ni kabati."

"Acha mizaha, baba watoto," mkewe akamkemea, huku akiniletea maji.

Nafasi ya mlango ilikuwa sentimita hamsini na nane. Kiti kilikuwa na sitini na sita. Sentimita nane zilikuwa zimemfunga mtu mzima miezi saba.

Nikatoka nje nikautazama mlango kwa utulivu. Kushoto, kwenye sehemu iliyokuwa ikifunguka, palikuwa na bawaba tatu. Na kulia, chini ya tabaka la rangi nene kama uji, bawaba nyingine tatu. Nani afunge bawaba kwenye ubao usiofunguka?

"Mama, upande huu unafunguka?"

"Upi, huo? Huo ni kama ukuta tu, mwanangu. Miaka ishirini na sita tunakaa hapa, haujafunguka hata siku moja."

Kwa ndani ulizibwa na rafu ya vitambaa. Nikapenyeza mkono nyuma yake, nikapapasa komeo juu, komeo chini, na vichwa vya misumari mitatu. Nikapima mwanya wote, kutoka jiwe la ukuta upande huu hadi la upande ule: sentimita mia moja ishirini na moja.

Alhamisi nilisimama mbele ya kikao nikapendekeza ombi likataliwe, na bawa la pili la mlango, ule upande uliopigiliwa misumari, lifunguliwe.

"Kufungua mlango si kuubadilisha," nilisema. "Ndiyo kazi yake."

"Na likigoma?" Mzee Rula akauliza.

"Likigoma, nitaandika mwenyewe ombi la mlango mpana wa mbao, na nitalitetea hapa hapa."

Akachukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake chini ya pendekezo langu: *na ubao wa mteremko juu ya kizingiti, usiopigiliwa msumari.*

Ijumaa asubuhi nilifika na seremala wa ofisi. Yule mama alikuwa ameshaisoma barua ya kukataliwa ombi lake.

"Yaani umekuja kwangu, umekunywa maji yangu, halafu umeninyima?"

"Mlango wa alumini nimekunyima, mama. Nipe nusu saa."

"Mpe, mke wangu," mumewe akasema. "Mimi siendi popote, unajua."

Tuliihamisha rafu. Seremala akaikwangua rangi, akang'oa msumari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Makomeo yakalainishwa kwa mafuta, yakagongwa taratibu. Akavuta. Bawa likasogea upana wa kidole, likakwama. Nikaweka mkono wangu kwenye ubao, kando ya wake.

"Pamoja," nikamwambia.

Likalia kwa sauti ndefu, likafunguka. Mwanga ukaingia hadi ukuta wa nyuma, na vumbi la miaka likatutia chafya sote.

Ubao wa mteremko ukawekwa. Mama akakimbilia kushika mikono ya kiti.

"Achia," mumewe akasema.

Akayasukuma magurudumu mwenyewe, akapita katikati, nafasi ikabaki huku na huku. Akafika barabarani, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamwita.

"Sijui bado," akajibu, na akakata kulia.