Shemeji Anapohutubia

Jumatatu saa nne asubuhi, siku tisa baada ya bendera mpya kupandishwa, Waziri Mkuu alimwita mpiga taipu wa chama na kumsomea majina ya Baraza la Mawaziri la kwanza. Mistari ilikuwa kumi na mmoja. Alipofika wa saba alikohoa, akasema, "Wizara ya Kazi iache wazi kwanza. Endelea na wa nane." Mpiga taipu akajaza vitone, akaendelea.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili. Kwa miaka minane hotuba zote za chama zilitoka kwenye meza yake ya jikoni. Yeye ndiye aliyeandika ile ya mgomo wa reli, na ndiye aliyekaa rumande miezi mitatu kwa kukataa kusema mashine ya taipu imefichwa wapi. Kusoma hotuba kulikuwa kazi ya wengine. Msomaji hodari kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwanamume mrefu ambaye kila suti ilimkaa. Hakuwahi kuhamisha hata koma moja, maana hakujua zimewekwa pale kwa ajili gani.

Ule mstari mtupu ulimtia mpiga taipu matumaini. Hakumwambia mtu. Alipeleka viatu vyake vyeusi kwa fundi vitiwe soli mpya.

Jumatano mchana alikuwa akipiga pasi redio ilipoyasoma majina. Wa saba alikuwa shemeji. Pasi ilibaki juu ya kola ya blauzi mpaka ikatoboa. Alimfurahia mdogo wake, kwa muda mfupi hivi, kisha donge likapanda likakaa kooni, gumu kama kokwa, na halikushuka tena. Jioni alikwenda kutoa pongezi akiwa nalo hivyo hivyo. Alikuta askari mlangoni na simu mpya sebuleni. Mdogo wake alikuwa akiinua mkono wa simu na kuurudisha, apate tu kusikia inavyovuma.

"Na wewe tutakutafutia kitu, dada," alisema.

Hilo neno "kitu" mpiga taipu alirudi nalo nyumbani, akalala nalo.

Jumamosi mawaziri waliapishwa. Shemeji aliinua mkono, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mpiga taipu: nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo wa mafua. Aliapa mpaka mwisho bila kujikwaa. Jaji akatia sahihi. Magazeti yaliandika kwamba Waziri wa Kazi alikula kiapo kwa sauti ya shemeji yake, na kwamba mvua iliyohofiwa haikunyesha. Wakati huo huo mpiga taipu alikuwa uani akimwambia jirani aondoe ndoo yake bombani. Maneno yalimkatika kwenye "ondoa". Jirani alisubiri. Baada ya dakika mbili sauti ilirudi, akamalizia "ndoo yako", na jirani akaiondoa.

Mwanzoni aliona raha. Watu walimsimamisha barabarani kumwambia jana alisema vizuri, naye akawajibu asante. Lakini maneno hayakuwa yake. Shemeji alikuwa na makarani watatu wa kumwandikia, na hakumtumia hata salamu. Isitoshe, kila shemeji alipozungumza, yeye alikuwa bubu. Jumanne na Ijumaa, siku za kikao cha baraza, alinunua nyanya kwa kuonyesha vidole. Kilichomuuma zaidi ni kwamba chumba cha kikao aliingia kuweka karatasi mezani tu na kutoka, huku sauti yake ikibaki ndani na kupewa chai. Aliionea gere sauti yake mwenyewe.

Katika mwezi wa pili wa uwaziri huo mdogo wake alikuja mchana, amevaa vizuri, macho yamevimba.

"Dada, chukua sauti yako."

"Niichukue kwa mkono gani?"

"Mimi sijui. Nimechoka. Mume wangu akiniambia nimependeza, nakusikia wewe. Akiniambia ananipenda, nakusikia wewe. Juzi kanigombeza kwa ajili ya kifungo cha shati, nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza utotoni, nikalia mpaka nikaona aibu."

"Kumbe ndiyo maana jioni naishiwa maneno."

"Na kila mtu anaisifu sauti. Mume wangu hasifiwi. Mimi ndiyo kabisa."

Mpiga taipu alimtazama. Aliutambua ule wivu mara moja, kama mtu anayeona gauni lake limevaliwa na mwingine.

"Una nyumba, una simu, una askari mlangoni. Unanionea mimi wivu?"

"Ndiyo," mdogo wake alisema.

Wakaangua kicheko wote wawili. Cha mpiga taipu kilikatika katikati, maana shemeji alikuwa ameanza kuzungumza na dereva wake.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa Waziri Mkuu. Aliwamiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, sauti yako tumeipa wizara," alisema. "Ni wangapi katika nchi hii wamepata bahati hiyo?"

"Mheshimiwa, wizara ilikuwa yangu mimi, siyo ya koo langu. Unajua nani alifungwa. Unajua nani aliandika. Ule mstari uliouacha wazi, uliuacha kwa sababu—"

Chumba cha pili Waziri wa Kazi alikuwa amesimama kuwakaribisha wafanyakazi wa reli. Mpiga taipu aliendelea kusema kwa midomo mitupu. Waziri Mkuu alimsikiliza kwa adabu, mikono juu ya meza, mpaka midomo ilipotulia.

"Vizuri," alisema. "Nafurahi tumeelewana."

Aliagiza apelekewe chupa ya asali kila mwezi kwa ajili ya koo. Ilikuja kwa pikipiki ya serikali, akaitilia sahihi.

Ijumaa iliyofuata kikao cha bunge kilitangazwa moja kwa moja. Katika chumba cha wapiga taipu wa serikali, alikohamishiwa kutoka chamani, redio ilikuwa juu ya kabati la mafaili. Sauti yake ilieleza, taratibu na kwa ufasaha, kwamba kwa faida ya taifa changa makarani wote wanawake wataachia nafasi zao kwa wanaume kuanzia mwisho wa mwezi. Mashine kumi na mbili zikanyamaza. Wenzake wakamgeukia.

"Umesema vizuri," alisema mkubwa wao, aliyekaa dirishani. "Sauti imetulia kweli. Ila mwenzetu, umetumaliza."

Alifungua mdomo amjibu, lakini shemeji alikuwa bado anahutubia.

Saa tisa zikaletwa barua za kuwaachisha kazi, zipigwe zote siku hiyo, kila moja na nakala yake. Wakagawana. Yake mwenyewe ilimwangukia yeye. Alipanga kaboni sawasawa, akaipiga bila kosa hata moja, akaiweka juu ya zile zilizosubiri sahihi ya Waziri. Shemeji alimaliza saa kumi na nusu kwa makofi mengi. Sauti iliporudi, viti kumi na kimoja vilikuwa vitupu, na hapakuwa na wa kumwambia chochote.