Kigoda Chekundu

Nilimpeleka baba kula sushi ili nimnyang'anye gari. Nalisema wazi mapema, maana ndugu yangu Yasunori siku hizi anawasimulia watu kwamba mzee aliamka tu asubuhi moja akaamua kurudisha leseni kwa hiari yake, kama wale wazee wanaotabasamu kwenye mabango ya polisi. Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwepo, yeye hakuwepo.

Yasunori anakaa Nagoya. Alinipigia simu nikiwa nimesimama jikoni, koti bado mwilini.

"Dada, ongea na mzee. Wewe ndiye uko karibu, na wewe anakusikiliza."

Baba hajanisikiliza tangu nizaliwe, na sasa nina miaka hamsini na saba. Nikamwambia aje aongee naye mwenyewe. Akasema ana vikao wiki nzima. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na huyu ndugu yangu amekuwa akiniangalia nikibeba makanda tangu mama afariki.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuahirisha. Wiki mbili kabla ya hapo, baba alikuwa anatoka na gari kwenye duka la mbegu, mtoto wa shule akapita na baiskeli upande wa kushoto. Baba hakumwona kabisa. Mtoto alijirusha majanini, akachubuka goti, gurudumu la baiskeli likakunjika. Baba alikwenda kwao na boksi la keki, akainama kuomba radhi mpaka mama wa mtoto akaona haya. Kisha akaja kuniambia, "Alitokea ghafla." Hakutokea ghafla. Daktari wa macho alishasema presha ya jicho imemla jicho la kushoto, haoni tena kinachokuja kutoka pembeni. Na leseni ilikuwa bado na mwaka mzima mbele.

Wiki ile nilikuwa nimefanya zamu sita mfululizo kwenye nyumba ya wazee. Nawaogesha baba za watu, nawakata kucha, nawabembeleza wameze vidonge, halafu jioni narudi kwangu sina hata hamu ya kuvua viatu. Nilikuwa nimechoka hoi. Ugomvi nisingeuweza. Kwa hiyo nikachagua mahali anapopapenda, ule mkahawa wa sushi ya mkanda nyuma ya duka la matairi, ambako visahani vya samaki hupita mezani juu ya mkanda unaotembea, Jumapili mchana, nikisema akishiba atalainika.

Aliendesha yeye. Mimi nilikaa kushoto kwake, mikono imekamata mkoba, macho kwenye kila uchochoro, nikijifanya naangalia mashamba ya mpunga.

Nimweleze kidogo. Baba, Mitsugi, alikuwa dereva wa treni miaka thelathini na minane. Dereva wa treni kwetu haoni taa akanyamaza. Ananyoosha kidole, anaitaja kwa sauti: "Kijani, twende." Na alipoanza kazi walikuwa wawili mbele, yeye na mwenzake, mmoja akiita mwingine lazima aitikie, ili ijulikane wameona kwa macho manne. Tabia hiyo akaja nayo nyumbani. Hatoki mlangoni bila kunyooshea kidole jiko: "Gesi, imezimwa." Na mama, popote alipokuwa, hata akiwa bafuni, alikuwa akiitikia: "Imezimwa." Utotoni nilikuwa naona aibu, nikiwa naye barabarani nilikuwa natembea hatua kumi nyuma. Mama ana miaka mitatu kaburini sasa. Baba bado anaita, na baada ya kuita ananyamaza kidogo, kama muda ule ule mama aliokuwa akiutumia kujibu.

Tulisubiri namba yetu nusu saa kwenye viti vya mlangoni, tukapewa meza ya kumi na nne. Baba akakaa upande wa mkanda, kama kawaida yake, maana anayekaa hapo ndiye anayewashushia wengine visahani. Mkanda ulikuwa unakuja kutoka kushoto kwake. Nililiona hilo nilipokaa, na nililiona vizuri.

Akakinga vikombe kwenye bomba la maji ya moto, akatengeneza chai, akanisogezea changu.

"Umekonda," akasema. "Hao wazee wako wanakula chakula chako?"

"Nimechoka tu, baba."

"Kuchoka kwa kusimama si kuchoka. Jaribu kukaa miaka thelathini na minane, ndiyo utajua."

Akanyoosha kidole. "Kibua. Sawa." Akakishusha kisahani, akangoja kile kimuda chake, akaanza kula. Akashusha ngisi, akashusha jodari, akashusha yai kwa ajili yangu kama mimi bado mtoto. Alikuwa na furaha. Ndiyo iliyonichosha zaidi, furaha yake.

"Baba, kuhusu gari."

"Gari lina nini? Nimebadilisha oili juzi."

"Si gari. Macho."

"Yule daktari ni mtoto mdogo. Ananiuliza kama naona nukta. Nimeendesha treni miaka yote ile, sijawahi kusimamishwa na nukta."

"Na yule mtoto wa baiskeli?"

Akaweka vijiti chini. "Yasunori kakutuma."

"Sijatumwa na mtu."

"Mwambie akilitaka gari langu aje alichukue. Aje na treni, nimwonyeshe na mlango wa kushukia." Kisha sauti ikashuka. "Chizuru, basi linapita kwangu mara mbili kwa siku. Kwenda hospitali ni basi mbili. Kaburi la mama yako liko juu ya kilima, basi halifiki hata moja. Nani atanipeleka kwa mama yako? Wewe? Wewe una zamu."

 Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nikachukua kipande cha tangawizi, nikatafuna, nikamwonea huruma baba yangu na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilinizidi nguvu.

Hapo ndipo nilipokiona kigoda chekundu.

Kila aliyekula pale anajua. Kisahani kinachopita peke yake ni cha yeyote. Kilichokaa juu ya kigoda chekundu chenye namba kimeagizwa na mtu, hukigusi. Hiki kilikuwa cha meza ya kumi na sita, mbele yetu, na juu yake kulikuwa na samaki, mkunga wa kuchoma, bado unatoa moshi. Nilikiona kikiwa mbali, meza tano nyuma yetu. Kilikuja taratibu. Ningeweza kusema, "Baba, hicho cha watu." Maneno manne tu. Nilifungua mdomo nikaufunga. Ningependa kusema ni uchovu, na uchovu ulikuwepo, lakini ukweli ni kwamba niliwaza, mwache achukue. Mwache aone mwenyewe, mimi nimechoka kumwonyesha.

Kikafika. Baba aliuona mkunga ulipokuwa tayari mbele ya pua yake. Kidole kikanyooka. "Mkunga. Sawa." Akakinyanyua kisahani, kigoda kikaendelea na safari kitupu. Na kile kisahani hakukiweka mbele yake. Alikisogeza kwangu, kwa sababu napenda mkunga, na akasukuma na kichupa cha mchuzi.

Meza ya kumi na sita kulikuwa na mama kijana na binti yake mdogo. Nikamsikia binti: "Mama, kigoda kimekuja bila samaki."

Yule mama akajivuta mpaka kwetu, amejikunja kwa aibu kuliko mwizi. "Samahani sana, mzee wangu. Nadhani huo mkunga ulikuwa wetu."

"Hapana," baba akasema kwa upole. "Huu ulikuwa unapita tu."

"Ulikuwa kwenye kigoda chekundu. Namba kumi na sita. Lakini si neno kabisa, wataleta mwingine."

Baba akanigeukia. Nikainamisha macho. Basi akaelewa, akasimama, akainama mpaka kiunoni, akaomba radhi kwa yule mama, kisha akamwinamia na binti mdogo peke yake. Mhudumu akaja naye akainama. Wote tukainamiana pale, mkanda unapita.

Alipokaa hakula tena. Alitazama mkanda. Kigoda kingine chekundu kilikuwa kinakuja, na mimi nilitazama macho yake yasikione, yasikione, hadi kilipofika katikati ya kifua chake. Akashtuka kidogo.

"Kilikuwa chekundu kama hicho?"

"Kama hicho, baba."

"Nimepita taa nyekundu," akasema.

Hakuwa anatania. Kulikuwa na mwenzake mmoja, Toyozo, rafiki yake wa chanda na pete, aliyepita taa nyekundu kwenye kituo kidogo asubuhi ya ukungu. Hakuumia mtu. Toyozo alimsihi anyamaze. Baba ndiye aliyeandika taarifa, na Toyozo akashushwa kwenye treni siku ile ile, hakuendesha tena. Hadithi hiyo tumelishwa tangu tukiwa wadogo, na mwisho wake ni ule ule: hakuna aliyekufa leo, kwa hiyo unashuka leo.

"Wewe ulikiona?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. "Nilikiona."

"Kabla sijakigusa?"

"Tangu kilipokuwa meza ya tano kutoka hapa."

Alikunja kitambaa chake cha mkono, akakiweka mezani. Ningependelea agombe.

"Basi mbona hukuita?" akasema. "Mkiwa wawili mbele, aliyeona anaita. Hata kama hampendani. Hata kama mmetoka kugombana sasa hivi. Anaita."

Nikalia. Mwanamke mzima, nimekaa mbele ya mkunga wa watu, nalia huku nafuta machozi kwa kitambaa cha mkono. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia.

"Nilitaka uone mwenyewe," nikasema.

"Nimeona." Akasukuma kisahani karibu yangu zaidi. "Kula. Ukishashushwa haurudishwi kwenye mkanda."

Nikala. Ulikuwa umepoa. Nilipomaliza, ufunguo wa gari ulikuwa pembeni ya kikombe changu, na yeye alikuwa ameshageuka anamwita mhudumu aje ahesabu visahani tulipe.

Nikakaa upande wa dereva, nikavuta kiti mbele, nikarekebisha vioo. Baba alikaa kushoto, mikono juu ya magoti, kama abiria asiyejua anakokwenda. Pale penye duka la matairi taa ilikuwa nyekundu, nikasimama. Hakunyoosha kidole.  Nilisikia indiketa tu, tik, tik.

"Jumapili ijayo una zamu?" akauliza, bila kunitazama.

Nilikuwa nayo, tangu asubuhi mpaka saa kumi.

"Sina," nikasema. "Tutakwenda kwa mama."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakanirudia, nikainama kutafuta kitambaa kwenye mkoba, na nikiwa nimeinama hivyo taa ikabadilika, sikuiona.

"Kijani," baba akaita.

Kidole chake kilikuwa kimenyooka mbele ya kioo, na alikuwa anangoja.

"Kijani," nikaitikia. "Twende."