Faini ya Samaki Aliyekufa mu Enjini

Motoka ya Musyu Stamati ilikuwa nyekundu, fupi, bila paa, na mutu wa tatu hakupata pa kukaa. Stamati alikuwa Mugriki, mununuzi wa samaki ku Kasenga. Mwaka 1953 aliivusha muto Luapula juu ya pontoni, apate kuikimbiza mu barabara yetu ya Nchelenge. Pontoni iliinama, motoka ikazama mpaka kwa usukani. Walipoivuta, ilikuwa inatapika matope kama mulevi.

Bwana yangu Kapembwa, mwenye kunioa, alikuwa amefanya kazi mu garaji ya Elizabetivili, kwa hiyo Stamati alimuletea ile motoka chini ya kivuli cha kibanda chetu cha kukaushia samaki. Mu mukono alishika fimbo ya ngozi ya kiboko.

"Kapembwa, Jumapili, siku ya mungu, wageni yangu inakuja. Kama haitembei, ama kipande kimoja kinapotea, nitavunja ile mikono yako. Unasikia?"

Haikuwa ya kutisha tu. Sampa, muvuvi wa Puta, alibishana naye juu ya muzani, Stamati akamupiga kinywa na chuma cha ule muzani. Tangu siku ile Sampa anakunywa uji tu. Basi mimi niliogopea mikono ya Bashi Mwaba, ndivyo nilivyomwita, baba ya Mwaba wetu, kama mimi nilivyoitwa Bana Mwaba, mama yake. Ndiyo ilikuwa inatulisha.

Alifungua enjini yote. Kila kipande alikiosha na petroli, akakipangusa na kitambaa cha kanzu yangu ya zamani, akakilaza juu ya mukeka kwa kufuata namna kilivyotoka: pistoni na ringi zake, valvu, misumari mikubwa kwa midogo, kama vile tunavyopanga samaki ya kuanika. Mu sahani ya mafuta, chini kabisa, tulikuta kasamaki kadogo, keusi, kamekufa. Enjini ilipoisha kurudi mahali pake, akafungua giaboksi, akazipanga gia zake juu ya mukeka mwingine.

Ndipo akafika Chola, muvuvi jirani yetu. Chola alikuwa wa ukoo wa samaki, Kapembwa wa ukoo wa mamba. Kwetu, kwa sababu mamba anakula samaki, hawa wawili ni banungwe: wanatukanana bila kukasirika, na mumoja akibeba kitu cha mwenzake, mwenyewe anacheka tu, mpaka akikomboe na kuku ao pombe. Mwenye kukasirika ndiye anapata haya.

Chola aliona kale kasamaki juu ya jani. "We mamba! Umeua mutoto wetu tena?"

"Alikuja mwenyewe kuogelea mu mafuta," Kapembwa akajibu. "Ninyi samaki akili munaacha kwa yai."

"Basi lipa faini ya maiti." Chola akainama, akaokota gia moja yenye meno mazuri, akaipima mu kiganja. "Hii itavuta wavu yangu chini muzuri."

Mimi nikasema, "Tata Chola, rudisha. Ile ni ya muzungu."

"Bana Mwaba, nyamaza. Hii ni kesi ya mamba na samaki."

Kapembwa alicheka mpaka machozi. "Peleka, mwizi wewe. Ukirudi nitakupa kuku." Kumukatalia nungwe wake kwa sababu ya muzungu, hiyo haikumuingia mu kichwa hata kidogo. Chola akaifunga gia ku wavu, akapiga kafi mu ziwa kwenda upande wa Kilwa.

Stamati hakungoja siku ya mungu. Kesho yake asubuhi alishuka mu lori yake, dereva akabaki ku usukani. Kapembwa akawasha enjini, ikalia sauti moja nzuri, na Stamati akatabasamu. Halafu akachuchumaa kwa mukeka wa giaboksi. Tabasamu ikatoka.

"Gia ya tatu iko wapi?"

"Iko kwa nungwe wangu, Musyu. Amebeba faini. Leo anarudisha."

"Faini gani? Umeuzisha!"

"Hapana, Musyu, ni desturi..."

Fimbo ilimupasua shavu. Ya pili ilimushika shingo, akaanguka juu ya mukeka, gia zikatawanyika mu muchanga. Stamati akamukokota mpaka kwa ile meza yenye chuma cha kubania, chenye mukono wa kuzungusha, akaingiza vidole vya Kapembwa ndani. Mimi nilimurukia mugongo. Alinitupia kiwiko, nikatema jino na damu.

"Sema uliuzisha kwa nani!"

"Kwa nungwe wangu," bwana yangu akalia.

Stamati akazungusha. Mifupa ililia kama matete makavu chini ya mguu.

Chola alikuwa anafika pwani, akasikia ule mulio. Hakuuliza neno. Alikuja mbio na kafi. Pigo la kwanza lilivunja mukono wa Stamati, ule wa kushika fimbo. La pili lilivunja mufupa wa bega. Stamati alikuwa chini, anatambaa, na Chola alikuwa anapiga tu, mbavu, mugongo, kafi ikapasuka, akainua kile kipande chenye ncha juu ya koo ya muzungu.

"Wacha!" Kapembwa akapiga kelele, mukono wake ungali mu chuma. "Chola, watakunyonga! Wacha!"

Chola akatupa kipande. Dereva akamubeba Stamati mu lori, wakakimbilia boma.

Tulifungua chuma. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi. Chola alichoma kisu chake mu moto, akavikata. Kisha akapiga magoti kando ya muhogo wangu, akachimba na mikono. Kwetu ndugu ya maiti hawashiki jembe la kaburi. Nungwe ndiye anazika, na anapozika lazima atukane.

Alivilaza ndani. Akaanza kuvifunikia udongo bila tusi hata moja.

"Fanya kazi yako," Kapembwa akamwambia. Mukono nilikuwa nimeufunga mu kitenge changu, na damu ilikuwa inapita.

"Mamba mubaya wewe," Chola akaanza, sauti inakatika. "Umekula babu zangu wote. Sasa... sasa umeanza kujila mwenyewe. Mulafi."

Bwana yangu akacheka, cheko la mutu mwenye homa, akaegemea bega la Chola.

Watumishi wa boma walipotukuta, Chola alikuwa angali anasukumia udongo. Walitoa pingu. Akawaambia, bila kugeuka, wangoje kidogo, matusi hayajaisha.