Zimwi Limepata Mwelekezi

Ulitazama kando. Usiniambie hukuona. Tangazo limebandikwa kila nguzo kutoka Jamhuri mpaka Kilimani, na nilikuona ukilisoma pale kwa muuza karanga, ukageuza shingo ulipofika kwenye jina la mwelekezi wa filamu. Wanatakiwa watu mia tatu, Jumamosi asubuhi, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park, waje na sauti zao tu. Waimbe mbele ya kamera, wapewe chai na mkate. Jina la huyo atakayewaambia simameni hapa, imbeni sasa, unalijua. Kama wewe hulijui, mama yako analijua.

Mimi nilikuwa chumbani jina hilo lilipopigiwa kura, na sina ugonjwa wa kusahau.

Kitabu chenyewe umekisoma au umesomewa: Tumbo Linaloimba, cha Nyokabi, mwalimu wa kule Riruta. Zimwi linameza kijiji kizima. Waliomezwa hawafi, zimwi linawalazimisha waimbe humo tumboni ili mpita njia akisikia aseme, aa, kuna arusi, na aendelee na safari yake. Msichana mmoja mdogo anapapasa gizani, mdomo mmoja baada ya mwingine, akiwasihi watu wanyamaze. Wanaponyamaza ndipo walio nje wanashtuka na kuja na mapanga. Mwaka wa kwanza kilipotoka, wasomi walikisifu kwamba ni hekaya nzuri ya kuwalaza watoto. Hakuna aliyemwuliza Nyokabi alilitoa wapi hilo tumbo.

Ikaja kampuni ya filamu kutoka ng'ambo, ikanunua kitabu. Nyokabi aliuza, na simlaumu, maana aliahidiwa kiti kwenye kamati ya kumchagua mwelekezi. Hakuambiwa kwamba viti ni vitano na kwamba yeye atakuwa na kura moja kama mtu yeyote. Mwenyekiti alikuwa Haron Gichuru, ambaye siku hizi anaishi Kilimani kwenye nyumba ya mzungu aliyeondoka, pamoja na mbwa wa mzungu huyo. Kulikuwa na Bi Njambi kutoka serikalini. Kulikuwa na Ndeti, wakili wa kampuni. Na mimi, Joash Odhiambo, katibu wa chama cha sisi tunaosimama nyuma kwenye filamu za wageni, leo mpagazi, kesho maiti. Walinialika ili baadaye waseme sisi pia tuliulizwa.

Tulikutana mjini, ghorofa ya tatu, Kimathi Street. Ndiyo, barabara yenye jina la yule mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na Mwingereza. Pazia likashushwa, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani, na kila mwelekezi akatakiwa kuonyesha kazi yake moja ya zamani.

Wa kwanza alikuwa Musembi, kijana wa Machakos aliyejifunza kazi kwa kubeba taa za wengine. Filamu yake ilikuwa fupi. Kulikuwa na zimwi ndani yake, lakini halikuonekana. Tuliona majani yakilala chini bila upepo, chungu kikitetemeka jikoni, na mama mmoja akifunga mlango polepole sana. Nyokabi alisogeza kiti mbele.

"Kijana," Gichuru akasema taa zilipowashwa, "zimwi liko wapi?"

"Liko kwa yule mama, mzee. Tazama macho yake."

"Nilipe tikiti nione macho ya mama? Macho ya mama niko nayo nyumbani."

"Na ukiyaona, mzee, huogopi?"

Hata Ndeti alicheka. Gichuru hakucheka, na hapo ndipo Musembi alipokosa kazi, kama unataka kujua mambo haya huamuliwa vipi.

Halafu akaingia mzungu, Pelling. Mwili mkubwa, kaptula, Kiswahili cha kuamrishia mpishi. "Mimi iko na filamu ya zamani kidogo," akasema, "lakini hii naonyesha nyinyi namna mimi naweza kufanya watu mweusi mingi naimba pamoja." Alisema hivyo mbele yetu sote. Bi Njambi akatabasamu.

Mashine ikaanza kulia. Ukutani wakatokea wanawake wanachimba handaki. Unalijua handaki gani. Lile la kuzunguka kijiji, wakati wa hali ya hatari, Mwingereza alipowafungia watu vijijini, lenye miti iliyochongwa ncha huko chini. Migongo imepinda, majembe yanapanda na kushuka, askari wamesimama ukingoni, na wanawake wanaimba. Wanaimba kwa sauti nzuri kweli, mmoja akianzisha, wengine wakipokea. Sauti ya Mwingereza ndani ya filamu ikatueleza kwamba hawa ni kina mama wenye furaha, wanajijengea usalama wao.

"Yule wa pili ni mama yangu," Nyokabi akasema.

Alisema polepole, kama mtu anayeonyesha nyumba yao kutoka mbali. Wa pili alikuwa mwembamba, kitambaa kimeteleza kichwani. Jina lake Wamucii. Pembeni kabisa, pale picha inapokatikia, kulikuwa na mkono wa mtoto umeshika sketi yake.

"Na huo mkono ni wangu."

Mimi Kikuyu changu kinatosha kununua mahindi, hakitoshi wimbo. Lakini uso wa mtu ninaujua kuusoma, maana nimesimama nyuma maisha yangu yote nikitazama nyuso. Wimbo ulipopamba moto, walioielewa lugha walijulikana: Haron Gichuru aliinamia viatu vyake. Bi Njambi alifungua mkoba na kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

"Wanaimba nini?" nikauliza.

"Nyimbo za kazi tu hizo, Joash," Gichuru akajibu. "Za kulima."

"Si za kulima," Nyokabi akasema, na bila kuondoa macho ukutani akatutafsiria mstari kwa mstari:

*Mwenye jicho moja amekuja,*
*akitutazama anashiba.*
*Waambieni walio nje*
*hii si ngoma, tunazikana.*

Mwenye jicho moja ni kamera, na mwenye kamera alikuwa Pelling. Walimwimbia usoni mwake, na yeye akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo.

"Nasema nini yeye?" Pelling akauliza. Bi Njambi akamnong'oneza kitu, sijui nini. Pelling akacheka. "Mimi nakumbuka ile wimbo. Mzuri sana. Mimi narudisha yao mara tatu, mpaka nakaa sawa."

Mara tatu. Wamucii hakuona mwisho wa handaki lile. Alizikwa kando yake, na udongo aliouchimba mwenyewe ulitosha.

Kisha huyo bwana akatueleza mpango wake wa filamu. Msichana wa kuwanyamazisha watu, yeye Pelling hamtaki, kimya hakiuzi. Atamleta mwindaji kutoka Ulaya, mwenye bunduki, apasue tumbo, na waliomezwa watoke nje wakiimba kwa shukrani.

Nyokabi akasimama. "Mzee Gichuru, wewe umeusikia wimbo. Bi Njambi, na wewe umeusikia. Huyu ndiye mtampa kitabu?"

Gichuru akakunja mikono juu ya tumbo lake. "Binti yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele ni nini basi, mzee, kama si hiyo iliyokuwa ukutani sasa hivi?"

"Jamaa anaweza kazi. Wenye pesa wanamwamini. Huyo wako wa majani ataleta nani sinema?"

Wakapiga kura. Gichuru, Bi Njambi, na Ndeti aliyesema, "Mimi huo wimbo sikuelewa, naona tu mtu anajua kazi yake. Na chakula ni saa ngapi?" Watatu kwa wawili, Pelling akapata kazi. Nyokabi akasema anachukua kitabu chake. Ndeti akamweleza, kwa upole wa muuza majeneza, kwamba kitabu si chake tena.

Pale ngazini Nyokabi hakulia. Alinishika kiwiko. "Kaka Joash, kitabu wamenunua. Lakini zimwi haliwezi kuimba peke yake. Watawatafuta watu wa kujaza tumbo."

Wiki iliyofuata wakanijia: leta mia tatu kutoka chama chako. Nikawaambia siwaleti hata watatu. Ndiyo sababu wamebandika matangazo kwenye nguzo. Wanakutafuta wewe.

Sikwambii ubaki nyumbani. Ukibaki, watampata mwingine mwenye njaa, na njaa haikosi mtu. Nenda. Nenda na shangazi yako, na vijana wa kanisa wenye sauti, mfike mapema mkajaze uwanja wote. Kunywa chai yao. Simama pale utakapoambiwa usimame. Na Pelling atakapoinua mkono na kusema imbeni, funga mdomo. Arudie mara tatu, funga mdomo mara tatu. Nyokabi atakuwa mstari wa mbele, na mimi kando yake.

Jumamosi iko karibu, na jirani yako bado hajui kuna nini kwenye lile jina. Weka karatasi hii chini, vuka ukagonge mlango wake, umwambie sasa hivi.