Joto Upande wa Baba

Kama huna subira, usiniulize nafanya kazi gani. Ndugu yangu Kihara aliwahi kuniuliza, nikamweleza vizuri kabisa: natafuta kwa hesabu jinsi maji yaliyotiwa vumbi la shaba, laini hata jicho halilioni, yanavyopenya ndani ya mwamba wenye vitundu na kubeba joto. Akanitazama. "Na hiyo inapikwa?" Sikumsemesha mpaka jioni.

Lakini safari hii hesabu zangu zilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumwezesha Mama abaki kwake.

Kwake ni huku Eburru, mlima usio na mto wala kisima. Tunao mvuke. Unatoka ardhini, nasi tunautega: bomba juu ya shimo, nyasi na udongo kuziba kando, mvuke unapoa humo ndani na kudondoka maji kwenye pipa. Shimo letu alilichimba Baba, Ndegwa. Alipofariki, Mama alitukataza kuligusa. "Mkono wa mwisho hapo ulikuwa wake," alisema. "Paachwe hivyo." Nani angebishana na mjane? Sasa pipa lilikuwa kavu, na Kihara alikuwa amemtafutia chumba kule Karagita, karibu na shamba la maua anakofanya kazi. Jumamosi angekuja na pikapu kumchukua.

"Nikishuka huko nitakufa," Mama aliniambia kwenye simu, bila kulia. "Fanya hiyo hesabu yako uone kama mvuke utarudi."

Nikapanda, kompyuta begini, hasira kifuani. Kila nilipoendesha modeli yangu ilisema mvuke upo, tena mwingi, na unatokea palepale kwenye shimo la Baba. Natazama nje, pipa kavu. Aki hesabu inaweza kukuaibisha mbele ya mama yako.

"Wacha hiyo kitu ulale kidogo," Mama akasema. "Lala kwangu. Kuna joto."

Kulikuwa na joto kweli. Upande wa ukutani, upande wa Baba, godoro lilikuwa na moto wa shuka iliyotoka kupigwa pasi. Mama alisimama mlangoni akaona haya kidogo.

"Baba yenu alianza kunipasha joto baada ya matanga," akasema. "Usimwambie Kihara. Ataniona mwendawazimu."

Ukungu wa mchana ukaingia dirishani, usingizi ukanibeba. Nikaota mimi ni punje. Punje ya shaba, ndani ya maji, ndani ya jiwe. Nilipita kachumba hadi kachumba, nimekumbatia joto, na kila mlango ulikuwa wazi, vile nilivyouandika mwenyewe. Halafu nikakuta wenzangu wamekaa chini, weupe, wamechoka, wameegemea kuta. "Songeni jamani," nikawaambia. Wengine wakaja wakakaa juu yao, mlango ukawa mwembamba, ukafungika. Joto likanivuta pembeni, chini ya mizizi, chini ya msingi wa nyumba, mpaka nikasikia mtu juu yangu anapumua usingizini. Nilimjua. Alikuwa Mama.

Niliamka nimelowa jasho. Ngai! Nilikuwa nimeandika kwamba vitundu vya mwamba havibadiliki kamwe. Wapi! Punje hutulia. Maji ya mlima huu yana unga wake mweupe wa mawe, nao hujijenga kwenye koo la shimo. Kabla ya mvua ndefu Baba alikuwa akilikwangua kwa mtaimbo, nasi tulidhani anapenda usafi tu. Nikarekebisha modeli, vitundu vizibike kadiri punje zinavyotulia. Mstari mwekundu unaoonyesha njia ya joto ukaliacha shimo polepole, ukatambaa chini ya ua, ukasimama pale nilipokuwa nimelala.

Nikalia. Shimo likifunguliwa, maji yatarudi na Mama atabaki, lakini kitanda kitapoa. Nikinyamaza, Jumamosi atabebwa na pikapu, ila ataondoka akijua mumewe hakumwacha alale na baridi. Sikuwa na hesabu ya jambo hilo.

Nikamwambia. Polepole, nikimwonyesha ule mstari kwenye skrini. Aliufuata kwa kidole kutoka shimoni hadi kitandani.

"Kumbe ni mimi nilimleta," akasema. "Kwa kukataza shimo lisiguswe."

"Ni mvuke, Mama."

"Nimesikia. Masikio niko nayo."

Akatoka. Nilidhani amekwenda kulia nyuma ya jikoni, lakini alirudi na mtaimbo wa Baba. Nikataka kumpokea. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia nikiwa mtoto, kijiko changu kikiwa ndani ya sukari. Alitoa bomba, akapiga mwenyewe. Magamba meupe yakavunjika, shimo likakohoa, na mvuke ukapanda ukamfunika hata nikawa naona leso yake tu. Huko ndani alikuwa anaongea na mtu, na mtu huyo si mimi.

Jumamosi Kihara alikuta maji yanadondoka. Akaonja, akatikisa kichwa. "Kumbe inapikwa," akasema, na akacheka hata nikamsamehe. Pikapu ikateremka na kabichi tu.

Kabla sijaondoka niliingia chumbani kwa Mama kuchukua chaja. Nikagusa godoro upande wa ukutani. Lilikuwa baridi kabisa. Mama akaja nyuma yangu amebeba mtungi wa plastiki aliotoka kuukinga bombani, maji bado moto. Akakaza kifuniko, akauzungushia koti la Baba, akaulaza upande ule, akaufunika blanketi hadi shingoni.

"Usisimame hapo mlangoni," akaniambia. "Unatuingizia baridi."